Dirisha Linalotazama Ukuta

Vijana, mimi ni mstaafu. Najua mnacheka. Mnaopita hapa kibandani kwangu Izia kukatiwa vioo mnaniita "broo", na wengine wenu tumecheza mpira pamoja si zamani. Lakini mgongo wangu ulistaafu kabla yangu, nami kwa heshima nikaufuata. Haukunifanyia hata sherehe ya kuniaga. Kabla sijaota mvi hata moja nikajikuta nimekaa kwenye stuli, nasema "enzi zetu". Nimeshazoea. Ustaafu wa mapema una uzuri wake: unatoa mawaidha kwa watu ambao bado wanakumbuka ulivyokuwa mjinga.

Kazi niliyostaafu ni uashi, na ndani ya uashi kipande kimoja ambacho mji huu haukukiomba: kujenga nyumba zinazopata joto la jua bila paneli, bila betri, bila waya hata mmoja. Nilipokuwa nawaelezea wateja walinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, halafu wakauliza, "Sawa fundi, na betri inakaa wapi?" Betri ni ukuta, nasema. Basi hapo mazungumzo yalihamia kwenye bei ya mahindi.

Nawaandikia kwa sababu baadhi yenu mmeanza kuniuliza. Mtu akitaka nyumba yenye joto, aanzie wapi? Achague nini? Jibu langu fupi ni hili: ajiulize kwanza anataka joto saa ngapi. Jibu refu ni Bibi Leokadia wa Kasense, naye nitamfikia, msinikimbize, mgongo hautaki.

Kwanza tuongee ukweli kuhusu sisi wenyewe. Kipupwe cha huku juu mnakijua. Mafuta ya kupikia yanaganda kwenye chupa, na mtu unavaa koti kwenda kulala. Na pamoja na hayo yote, tunajenga kama watu wa pwani! Upenu mpana wa kuzuia jua, madirisha ya kupitisha upepo, sakafu ya saruji inayong'ata nyayo. Halafu jioni tunaingiza jiko la mkaa chumbani, tunaziba kila tundu, tunasali, na kumwachia Mungu zamu.

Asubuhi ndiyo inachekesha zaidi. Familia nzima inatoka kwenye nyumba yake ya matofali ya kuchoma, bati jipya, geti la chuma, inazunguka nyuma, inaegemeza migongo ukutani na kuota jua. Nyumba ile imemtoa mtu jasho miaka, na sehemu anayoipenda kuliko zote iko nje.

Aliyeliona hili kabla yangu ni marehemu Mzee Polikarpo, aliyenifundisha kazi. Nilikwenda kwake nikiwa na darasa la saba na ndoto nyingi kuliko akili. Nilikuwa naota mji mzima umegeuzwa: kila nyumba imeipa barabara kisogo na kulipa jua uso. Mzee alinisikiliza, akanipa koleo. "Geuza kwanza huo udongo," akasema.

Mzee Polikarpo akifika kwa mteja hakutoa kamba wala pima maji. Aliuliza, "Hapa wazee wanaota jua wapi?" Akishaonyeshwa, alikwenda kuupapasa ukuta ule. Mkitazama vizuri mtaona: pale panapoegemewa na migongo, kipupwe baada ya kipupwe, ukuta unalainika na kung'aa kama mpini wa jembe. Hapo ndipo jua la baridi linapofika, na hapo ndipo pa kuanzia. "Dira inaweza kuharibika," alisema. "Mgongo wa bibi kizee haujawahi kukosea ukuta."

Lakini hekima hiyo aliipata kwa tabu, na aliyelipia tabu hiyo ni mwalimu mmoja wa huku Izia. Zamani, kabla sijamfahamu, Mzee alipewa na mgeni mmoja kitabu chenye picha za nyumba za kioo, nyumba nzuri mno, zimezungukwa na theluji na watu wamevaa fulana ndani. Kitabu kilisema vioo vikae kusini. Mzee akamjengea mwalimu madirisha makubwa upande wa kusini, mtaa mzima ukaja kushangaa. Kipupwe kikafika. Jua likapita zake upande wa pili, juu ya jiko na choo, bila hata kuchungulia sebuleni. Kilichoingia kupitia vioo vile ni mandhari, na kupitia nafasi za fremu ni upepo wote wa kusini. Mwalimu alikaa sebuleni na koti na kofia ya sufu, na wageni walipokwisha kusifia madirisha walimwambia, "Mwalimu, twende basi nje tukapate joto."

Nilimuuliza Mzee, ilikuwaje? Hakujitetea hata kidogo. "Nyumba ile haina kosa," akasema. "Ilipotea njia tu. Ukiibeba ukaipeleka kwao wenye kitabu, itawaka kama tanuri."

Kwa hiyo andikeni mioyoni: huku kwetu, wakati wa baridi, jua linapita kaskazini. Simama mchana wa kipupwe, kivuli chako kinalala kusini. Joto liko upande ambao kivuli kimeukimbia. Na uzuri wake ni kwamba msimu wa mvua, kuelekea Krismasi, jua huhamia kusini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini unapumzika, na wewe huchomeki ndani. Hilo sikulitunga mimi, limepangwa na aliyepanga vingine vyote.

Sasa, kujua kaskazini ni jambo moja, na kumshawishi mwenye nyumba ni jambo jingine. Tulipata mteja, mfanyabiashara wa nafaka, akakubali maneno yetu yote. Kaskazini? Kaskazini. Vioo? Vioo. Ila barabara ilikuwa kusini, na sebule lazima itazame barabara, vinginevyo wapita njia watajuaje kwamba ana makochi? Na nyuma ya nyumba, tangu zamani, huwekwa stoo. Tukajenga kama alivyotaka. Basi stoo ya mahindi ikapata jua lote. Kipupwe kile mwenye nyumba, mkewe na watoto walilala wakitetemeka upande wa barabara, na magunia ya mahindi yalilala kwenye vuguvugu kama watoto wachanga. Dumuzi walizaana mle kama wako kwenye joto la bondeni Mtowisa. Mahindi yalipotolewa yalikuwa unga tayari, bila kupitia mashine.

Na yule mama mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Mbeya, mcheshi, mkarimu, ambaye alikubali hata sebule iwe kaskazini! Tulifurahi mpaka tukapiga makofi. Tukamwekea dirisha pana, tukapaka sakafu rangi ya kahawia iliyokolea ili inywe joto mchana na kulirudisha jioni. Tuliporudi kumsalimia tulikuta nyumba giza tupu. Mapazia mazito, mawili-mawili, yamefungwa tangu asubuhi.

"Mama, mbona umefunga?"

"We fundi! Jua lote lile lichubue makochi yangu?"

Sakafu yetu nayo ilikuwa chini ya zulia. Tulimjengea mlango wa jua, akalifungia nje kwa ajili ya vitambaa. Mzee alipotoka pale alisema adui wa kazi yetu si mawingu, wala si upepo. Ni pazia. Nilicheka sana. Nikamwambia hilo sitalisahau.

Sasa Bibi Leokadia.

Bibi Leokadia alikuwa mjane, anaishi peke yake Kasense, nyumba ya vyumba viwili vya matofali ya kuchoma. Mbele barabara, nyuma kishamba cha ulezi, na mwisho wa shamba kaburi la mumewe ambalo kila Jumamosi alilifagia na kulipa habari za wiki. Kipupwe cha mwaka uliotangulia jiko la mkaa lilitaka kumuua. Jirani yake, Mama Atupele, mwenye duka pale barabarani, alishangaa hajamwona akiota jua asubuhi, akasukuma mlango, akamkuta hajitambui. Alimbeba mgongoni mpaka nje. Hospitali wakamwambia Bibi: mapafu haya hayataki tena mkaa wala baridi.

Mwanawe, Deogratias, mtumishi wa ofisi mjini, mtu mwema na mwenye haraka, alipiga hesabu ya mtu mwenye haraka. Dada yake ameolewa Mtowisa, bondeni, na Mtowisa hakuna baridi. Mama atahamia Mtowisa. Nyumba itapangishwa.

Mimi niliitwa na Bibi mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, na Mama Atupele kando yake, wanapepeta ulezi.

"Shikamoo Bibi. Shikamoo Mama."

"Marahaba mjukuu wangu. Nasikia unajua kuleta jua ndani."

"Najaribu, Bibi."

"Basi jaribu haraka. Deo anataka kunishusha Mtowisa kama gunia."

"Mtowisa kuzuri, Bibi," Mama Atupele akamchokoza. "Utakula wali mpaka unenepe."

"Nimekuwa na mbavu hizi tangu nizaliwe, nizifiche na wali sasa hivi? Joto la kule niliingia mara moja kwenye harusi ya binti yangu Yustina, nikatoka nimeiva. Na huyu nani atamwambia habari?" Akanyoosha kidole kuelekea mwisho wa shamba.

Nikarudisha kamba ya kupimia mfukoni. Nina tatizo hilo, vijana, mteja akinigusa moyo nasahau kuuliza vipimo.

Deogratias alikuja jioni ile. Hakunipinga. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mganga wa mama yake, kwa upole na bila tumaini. "Fundi," akasema, "tusizunguke. Baridi ikishakaza nitakuja kuweka mkono kwenye huo ukuta wako. Ukiwa na joto, Mama anabaki. Usipokuwa na joto, gari linaondoka naye. Mama, umekubali?"

"Nimekubali," Bibi akasema. Na Bibi akikubali amekubali.

Hapo ndipo pa kuchagua, na nawaomba msikilize hapa kuliko mahali pengine popote, maana hapa ndipo wengi wanaharibu. Njia ziko tatu, za kwetu sisi watu wa mwiko wa uashi.

Ya kwanza ni dirisha kubwa la kaskazini. Jua linaingia lenyewe, chumba kinapata joto palepale, na jua likizama joto nalo linaaga. Inamfaa anayeshinda ndani: fundi cherehani, mama aliyejifungua, mwanafunzi. Ya pili ni kibaraza cha kioo, chumba kidogo cha vioo mbele ya nyumba, na joto lake unalifungulia mlango liingie ndani. Kizuri sana, na kwa Kasense ndani ya wiki kingekuwa banda la vifaranga, tena vifaranga wenye bahati. Ya tatu ni ukuta mnene uliopakwa rangi nyeusi nje, na mbele yake kioo, nafasi kama upana wa kiganja katikati. Jua linapiga mchana kutwa, ukuta unakunywa polepole, kioo kinauzuia usiteme nje. Joto linatembea ndani ya tofali taratibu kama mzee anayetoka kanisani, na likifika upande wa chumbani ni jioni.

Nikamuuliza Bibi lile swali langu la kwanza. "Unataka joto saa ngapi?"

Akanishangaa. "Mchana si niko hapa najiotea jua? Nalitaka nikilala."

Basi kwisha. Ukuta. Wengine hutoboa matundu juu na chini ili hewa ya moto iingie mapema, lakini matundu hayo yasipozibwa usiku yanageuka na kunyonya joto lote kulirudisha nje. Bibi alikuwa anasahau hata kama amefunga mlango. Sikutoboa. Mfumo mzuri ni ule ambao mwenye nyumba anaweza kuusahau ukaendelea kufanya kazi. Hayo niliyaamini kabisa, na ngojeni muone.

Ukuta wa chumba chake ulikuwa uleule wa kuotea jua, unang'aa kwa migongo. Nilipopima nikitaka kuuchukua wote, Mama Atupele alisimama mbele yake kama mlinzi.

"Na sisi tutaota jua wapi, kwenye picha?"

Tukagawana. Nusu ya upande wa kitandani ikawa yangu, nusu nyingine ikabaki ya migongo. Nikakata upenu wa sehemu yangu, maana bati lile lilikuwa linaweka ukuta kivulini mchana. Fremu na vioo nilivipata kwenye jengo la zamani lililovunjwa. Rangi nyeusi sikununua. Nilikomba masizi yote ya jikoni kwa Bibi na vumbi la mkaa kwenye gunia lililobaki, nikakoroga na udongo mfinyanzi, nikapaka. Mkaa uleule uliomkaba kifua ukapewa kazi nyingine, ya nje, bila moshi.

Mnajua mji wetu unavyosemwa huko nje, kwamba ni mji wa uchawi. Sasa fikirini mtu anapaka nyumba ya bibi kizee masizi, tena nyuma, upande wa kaburi. Siku ya pili nilikuwa na watazamaji. Siku ya tatu mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama na yeye naweza kumpakia, kwa sababu anaonewa wivu mwingi kazini.

Mama Atupele ndiye aliyenimaliza. Nilipokuwa natundika fremu ya mwisho alikuja na kikombe cha chai, akasimama, akatazama kioo, akatazama ukuta nyuma ya kioo.

"Fundi, hili ni dirisha?"

"Ndiyo, Mama."

"Linatazama nini?"

"Ukuta."

"Na ukuta unatazama nini?"

"Jua."

"Na Bibi ndani anatazama nini?"

"Ukuta pia, upande wa pili."

Akanywa ile chai yeye mwenyewe. "Mimi mtoto wangu nilitaka awe fundi," akasema. "Namshukuru Mungu amekuwa dereva."

Nilicheka, na katika kucheka nikiwa nimebeba fremu, mgongo wangu ukalia "ka!" Niliitundika fremu, nikashuka, nikalala chini palepale kwenye majani ya ulezi. Ndiyo siku niliyostaafu, ingawa kwa wakati ule nilidhani napumzika.

Nilirudishwa Izia kwa bajaji, nikalala mkekani. Baridi ikaja yenyewe, ikakaza, na mimi nipo chali nahesabu mbao za dari na kuuwazia ukuta wangu. Kila asubuhi nilipoona jua mlangoni nilisema, haya sasa, kunywa. Ndoto zangu zikarudi zote. Nikiwa sigeuki hata ubavu, nilikuwa nimeshageuza mji mzima.

Kisha Mama Atupele akaja kunijulia hali na chupa ya uji.

"Fundi, pole. Nina habari mbili. Bibi anakusalimu sana, na lile dirisha lako alilipamba mpaka likapendeza."

"Na ya pili?"

Akashusha sauti. "Deo alikuja juzi. Aliweka mkono. Akasema, 'Mama, huu ukuta baridi kama tumbo la chura.' Bibi hakubisha. Gari linakuja si Jumapili hii, inayofuata."

Niliugeuza uso. Mama Atupele alijifanya kutafuta kifuniko cha uji mpaka nilipomaliza kufuta macho.

Niliwaza kila kitu, vijana. Kioo chembamba? Nafasi pana mno? Masizi yamebanduka? Upenu? Nilijenga upya ukuta ule kichwani, tofali kwa tofali, na kila nikiujenga ulipata joto. Kwenye mkeka kazi zangu zote zinafaulu. Na yale maneno kwamba Bibi alilipamba dirisha yalipita sikioni kama upepo. Nilidhani alilipangia maua ya kopo.

Jumapili ya gari nilikwenda. Nilichonga fimbo, nikaomba bodaboda anipeleke mwendo wa maharusi, nikafika jua limeshaanza kuegemea. Nilikwenda kumwomba Bibi radhi na kumuaga. Nilimkuta kakaa mlangoni amevaa kitenge cha kanisani, miguuni pake furushi moja kubwa limefungwa kwa fundo. Deogratias alikuwa anageuza gari barabarani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu. Umekonda."

"Bibi, nisamehe. Ukuta umeniangusha."

"Haujakuangusha. Wewe ndiye uliyeanguka, nilikuona." Akacheka hata akakohoa kidogo. "Nilifunga mzigo siku ileile Deo aliposema. Mimi sipendi kungojewa."

Deogratias akaingia, akatusalimia, akasema ameendesha tangu mjini bila kupumzika wala kula, ngoja akae kidogo ndipo waondoke. Akapita chumbani kwa mama yake, akajitupa kitandani, akaegemea ukuta. Tukasikia ameruka.

"Mama! Umewasha jiko humu?"

"Jiko gani?"

"Mama, tulikubaliana nini? Hospitali wamesema nini?" Alikuwa amekasirika kwa hofu. Nilipofika mlangoni kwa fimbo yangu nilimkuta amepiga magoti na suti ya kanisani, ameinamisha kichwa uvunguni, anamulika kwa simu. Akatoa ndala. Akatoa kapu. Akatoa ungo. "Umelificha wapi?"

"Deo, mwanangu, mkaa wote fundi aliupaka ukutani."

Akainuka polepole, akaweka kiganja ukutani. Kisha kiganja cha pili. Kisha, mtu mzima yule, shavu.

Nami nikaweka mkono. Ulikuwa na joto, vijana. Si joto la jiko, la kuunguza. Lilikuwa joto la mgongo wa mtu.

"Tangu lini?" nikamuuliza Bibi.

"Tangu nilipofunga mzigo. Siku ya kwanza sikujua, ya pili nikaanza kusikia, mpaka juzi nikalala bila sweta."

"Mama, na hukusema?" Deogratias akauliza.

"Nilikuwa nimekubali kuondoka. Ningesema ungedhani natafuta visingizio." Akautazama ule ukuta. "Na mimi nilidhani labda nyumba inaniaga."

Deogratias akavua koti lake, akalishika mkononi kama hajui linawekwa wapi, akakaa tena kitandani na kuegemea. Haikupita muda akawa anakoroma, mdomo wazi, mtoto wa Bibi Leokadia. Bibi akalichukua koti, akalitundika kwenye msumari. Kisha akarudi mlangoni, akainama, akafungua furushi.

Kitu cha kwanza alichokitoa, kilichokuwa juu kabisa, ni pazia. Zito, jeupe, limefumwa maua pembeni na katikati limeandikwa kwa uzi mwekundu: KARIBU. Juu lilikuwa bado na kamba yake, na kwenye kamba misumari miwili.

"Hili nilikushonea wewe," akaniambia. "Ulipoanguka. Nikasema kijana wa watu ameniwekea dirisha zuri, litakaaje uchi watu wapite waone? Nililitundika siku ileile nilipolimaliza. Deo aliposema naondoka ndipo nikalitoa, nisiwaachie wapangaji."

Akashika njia kwenda nyuma ya nyumba.

Nikamfuata kwa fimbo, na katika hatua zile chache nilimwona Mzee Polikarpo akicheka huko aliko. Dirisha pekee katika mji huu lisilohitaji pazia, na pazia pekee lililoshonwa kwa ajili yangu. Alilitundika kunishukuru, ukuta ukafa ganzi. Akakubali kuondoka, akalitoa, na kule kukubali kuondoka ndiko kulikombakiza. Mimi na vipimo vyangu tulikuwa mkekani.

Alikuwa ameshapachika msumari wa kwanza. Nilifungua mdomo nimwambie, Bibi, hapana. Halafu nikaona jua linavyogusa ukingo wa shamba, karibu linazama. Na kioo usiku kinapoteza joto, kitu chochote kizito mbele yake kinasaidia. Kwa saa ile Bibi alikuwa sahihi kuliko fundi.

"Limenyooka?" akauliza.

"Limenyooka, Bibi. Ila ukuta huu una tabia yake. Jioni unataka kufungiwa pazia. Asubuhi unataka kufunguliwa, nao uone shamba."

Akafikiri. "Kama mtu tu."

"Kama mtu tu."

Sikumwambia kwamba lile pazia nusura limpeleke Mtowisa. Na ninyi mkipita Kasense, msimwambie. Semeni shikamoo, kunyweni uji wake, na msisahau kuusifia uzi mwekundu.

Bado yupo pale, kipupwe kwa kipupwe. Asubuhi jua likitoka anazunguka nyuma, anafungua pazia kwanza kabla hajafungua hata kuku. Kisha anakaa upande wake wa migongo, Mama Atupele anakuja na ungo wake, na wote watatu wanaota jua: Bibi, Mama Atupele na ukuta.